Maswali ya Jikoni: Sosi ya Nyanya Isiyoachia Maji

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi, na karibu zote zinazunguka sufuria moja: sosi nzito ya nyanya ya kupikia nyumbani. Hatuzungumzii ile tamu ya chupa ya kumwagia chipsi. Hii ni nyanya na vitunguu vilivyopikwa vikakolea, ambayo leo unalia ugali, kesho unaungia maharagwe, na kesho kutwa unachanganyia tambi za watoto.

Mchuzi wangu wa nyanya ukifika kwenye sahani unatoa maji pembeni mpaka ugali unalowa. Nanunua nyanya Kibuye, nakatakata zote kwenye bakuli, nakaanga kitunguu, namimina na kuongeza kikombe cha maji zisishike chini. Nakosea wapi? — Mama wa watoto wanne, Kondele, Kisumu

Mama, tatizo lako lote ni maji, na linaanzia kwenye bakuli kabla hata hujawasha jiko. Nyanya yenyewe ni maji kwa takriban asilimia 94. Kilichobaki, asilimia 6 hivi, ndicho sukari, uchachu, nyuzinyuzi na pektini, ule utomvu unaofanya hata jemu igande. Kisu kikikata nyanya mbichi, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza papo hapo kuivunja pektini. Nyanya zikikaa kwenye bakuli nusu saa zikisubiri kitunguu, gundi yake imeshadhoofika, na hata ukizipika vipi, maji yatajitenga na nyama ya nyanya. Moto mkali huviua vimeng'enya hivyo. Kwa hiyo nyanya ikatwe na kuingia kwenye sufuria yenye moto papo hapo, kidogo kidogo.

Kikombe cha maji kiache kabisa. Unakiongeza, halafu unahitaji dakika nyingine kumi na tano za makaa kukiondoa.

Sokoni chagua nyanya ndefu zenye umbo la yai, kama Rio Grande, Cal J au Roma. Zina nyama nene na mbegu chache. Zile za duara kama Money Maker ni tamu kwa kachumbari, lakini zina maji mengi, na sosi yake huchukua muda mrefu zaidi. Ziwe nyekundu pyu na laini kidogo ukizibonyeza. Zilizopondeka kidogo njiani, ambazo wauzaji hupunguza bei jioni, zinafaa ukizipika siku hiyo hiyo. Yenye ukungu au iliyovuja ikanuka itupe nzima, maana kukata sehemu iliyooza hakuondoi kilichokwisha kuenea ndani.

Kwa watu sita, na kibaki cha siku ya pili, chukua nyanya kilo 2 (kama 20 hadi 25 za ukubwa wa wastani), vitunguu maji 2 vikubwa, punje 4 za kitunguu saumu, karoti 1, mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 4, na chumvi kijiko cha chai 1 pamoja na nusu nyingine utakayoishika mkononi hadi mwisho. Utapata karibu vikombe vitatu vya sosi nzito. Usishangae kilo mbili zikiwa vikombe vitatu. Hayo mengine yote yalikuwa maji.

Chora msalaba mdogo kwa kisu kwenye kitako cha kila nyanya, zitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 hadi 60, kisha zitie kwenye maji baridi. Ganda litatoka lenyewe. Ukiliacha, litajikunja kama vijiti ndani ya sosi na watoto watalitema. Ule ute unaozunguka mbegu usiutupe, kwa kuwa ndiko ladha nzito ya nyanya ilikojaa.

Tumia sufuria pana, si ndefu. Upana ndio unaoutoa mvuke. Kaanga vitunguu vilivyokatwa vidogo kwa moto mdogo dakika 10 hadi 12, hadi viwe laini na kuanza kung'aa. Usiharakishe hapa: kitunguu kikikutana na nyanya kabla hakijalainika, uchachu wake utakikaza na kitabaki kigumu menoni hata ukipika saa nzima. Tia karoti iliyokwaruzwa, dakika tatu, kisha kitunguu saumu kwa nusu dakika tu, kwa sababu kikiungua kinakuwa kichungu.

Sasa ongeza moto. Kata nyanya nne au tano, tia, zisage kwa mwiko hadi zitokote. Kata nyingine, tia, saga, hadi ziishe. Zikishachemka zote, ziache kwenye moto mkali dakika 10 bila kifuniko, kisha punguza moto na uendelee dakika 35 hadi 40. Koroga mara chache mwanzoni na mara nyingi mwishoni, ukikwangua chini, kwa sababu sosi ikishakuwa nzito ndipo inaposhika. Chumvi tia robo saa kabla ya kuipua. Ukiitia mapema, maji yataondoka na chumvi itabaki, na utajikuta na sosi kali.

Kujua imeiva, pitisha mwiko katikati ya sufuria. Njia ikikaa wazi sekunde mbili au tatu kabla ya kuzibika, iko tayari. Kisha weka kijiko kimoja kwenye sahani baridi usubiri dakika moja. Ukiona duara la maji kuizunguka, irudishe jikoni.

Sosi yangu ni chachu. Nikiongeza sukari inakuwa tamu na chachu pamoja, na mume wangu haipendi. Jirani ameniambia nitie munyu kidogo. Je, ni sawa? — Msomaji wa Lanet, Nakuru

Dada, kwanza tazama nyanya. Nakuru huwa kunauzwa nyanya nyingi zilizochunwa zikiwa za chungwa ili zifike bila kupondeka. Zinageuka nyekundu nje, lakini sukari yake ni ndogo. Ukizipata hivyo, usizipike siku hiyo. Ziache juu ya meza, si kwenye friji, siku mbili hadi nne pamoja na ndizi mbivu moja chini ya gazeti. Ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoziivisha. Friji huzima kuiva na kuiua harufu ya nyanya, kwa hiyo humo ziingie tu zilizokwisha kuiva kabisa.

Pili, kitunguu kilichokaangwa polepole na karoti moja hutuliza uchachu vizuri kuliko sukari, kwa sababu utamu wake una mwili. Ukihitaji sukari bado, nusu kijiko cha chai kwa kilo 2 za nyanya, basi. Mafuta pia husaidia, na sosi iliyonyimwa mafuta daima huonekana chachu zaidi ulimini.

Munyu wa majivu, yaani maji yaliyochujwa kwenye majivu ya mimea au chumvi yake, kama ilivyo magadi, hufanya kazi kwa kuuondoa uchachu wenyewe, si kuuficha. Anza na kiasi cha kushika kwa ncha ya vidole viwili, koroga, subiri povu lishuke, uonje. Ukizidisha, sosi inakuwa na ladha ya sabuni na rangi inafifia, na hapo hakuna dawa. Sosi uliyoitia munyu au magadi ile iishe mezani. Isiwekwe kwenye chupa ya kuhifadhi hata siku moja nje ya friji, kwa sababu uchachu huo ulioutoa ndio uliokuwa mlinzi wake.

Nina meko ya gesi, sufuria moja, sina blenda wala friji. Sosi ya mtu mmoja inawezekana? — Mwanafunzi anayejipikia, Lurambi, Kakamega

Inawezekana, kijana wetu, tena kwa robo saa. Kata nyanya 4 mbivu nusu kwa nusu, kisha zikwaruze kwenye greta upande ulio wazi ukitazama meno. Nyama yote itapita na ganda litabaki mkononi, bila maji ya moto wala blenda. Zikwaruze wakati kitunguu kimeshalainika, mimina, pika kwa moto wa juu dakika 12 ukikoroga. Mayai mawili yaliyovunjwa moja kwa moja ndani yake na kufunikwa dakika nne ni chakula kamili cha jioni.

Kwa kuwa huna friji, pika ya kuisha. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kukichemsha tena asubuhi hakusaidii kila mara, kwa maana baadhi ya bakteria huacha sumu isiyovunjwa na moto wa jikoni.

Kwa nini sosi yangu ya blenda ina rangi ya chungwa na mchuzi wa mama mkwe ni mwekundu? — Bahati, Nakuru

Ni hewa. Blenda inapozunguka inaingiza mapovu madogo mno, na mapovu hayo hufanya wekundu uonekane umepauka. Ikisaga na mafuta ndani, hali inazidi. Pia inavunja mbegu, na mbegu iliyovunjwa huleta uchungu kidogo. Pika kwanza nyanya zikiwa vipande, saga mwishoni kama lazima, kwa mikupuo mifupi miwili au mitatu, kisha rudisha sufuria motoni dakika kumi hewa itoke.

Nyanya ninazouziwa zina vumbi jeupe, wakati mwingine la samawati. Likipikwa si linaisha? — Subukia

Haliishi. Mara nyingi hilo ni baki la dawa ya ukungu inayonyunyiziwa nyanya dhidi ya ugonjwa wa blaiti, na mojawapo inayotumika sana ni mankozebu. Dawa hii hukaa juu ya ganda, haiingii sana ndani, na hiyo ndiyo nafuu yako. Lakini ikipashwa moto, sehemu yake hugeuka kuwa kemikali nyingine iliyo mbaya kuliko yenyewe. Kwa hiyo ioshwe kabla ya kufika jikoni. Sugua kila nyanya kwa kiganja chini ya maji yanayotiririka, au ubadilishe maji ya beseni mara tatu, kisha umenye ganda. Maji yale uliyochemshia ili kulegeza maganda usiyatumie kwenye mchuzi. Sabuni ya vyombo usitumie.

Na kama wewe ndiye mkulima, kwenye kibandiko cha dawa pameandikwa siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuchuna. Tunakuomba uzihesabu. Mlaji wako wa kwanza ni mtoto wa jirani.

Huku karibu na Chwele nyanya zikijaa, kreti inauzwa kwa bei ya kutupa. Nataka kupika nyingi niweke kwenye mitungi ya mayonezi. Nimesikia ukimwaga mafuta juu, sosi inakaa miezi. Ni kweli? — Mama wa kikundi cha akina mama, Bungoma

Mama, tafadhali usifanye hivyo, na uwaambie wenzako wa kikundi. Mafuta juu ya sosi huzuia hewa, na kuna bakteria, Clostridium botulinum, anayestawi pale pale pasipo na hewa. Sumu yake haina harufu, haina rangi, na hushambulia mishipa ya fahamu. Inaweza kuua. Ukungu wa juu unauona na kutupa mtungi. Huyu humwoni.

Kinachomzuia ni uchachu. Mpaka unaokubalika ni pH 4.6 kushuka chini; pH ni kipimo cha uchachu, na namba ikishuka uchachu unazidi. Nyanya husimama kwenye mpaka huo huo. Zipo za 4.3 na zipo zinazokaribia 4.9, hasa zilizoiva kupita kiasi, na huwezi kujua kwa kuonja. Ukiongeza kitunguu, hoho, karoti na mafuta, umeusukuma mchanganyiko upande mbaya. Ndiyo maana ile sosi tuliyomwandikia mama wa Kondele ni ya friji au friza tu.

Njia tunayoipendekeza kwanza ni friza, hata kama ni ya kuchangia katika kikundi. Poza sosi haraka kwa kukalisha sufuria kwenye karai la maji baridi, igawe kikombe kimoja kimoja kwenye mifuko ya friza, acha nafasi ya vidole viwili maana huvimba ikiganda, ilaze bapa. Itakaa miezi mitatu hadi sita ikiwa na ladha nzuri. Kwenye friji ya kawaida, siku nne. Stima zikipotea, usiifungue friza. Ikiwa imejaa, hubaki na barafu hadi siku mbili. Na kama huna nafasi ya kupika siku hiyo, gandisha nyanya nzima mbichi. Ukizitoa na kuzipitisha kwenye maji, ganda linatoka lenyewe.

Ukitaka mitungi ya kukaa kabatini, fuata haya bila kupunguza chochote. Mitungi iwe ile ya kioo iliyotengenezwa kwa kuhifadhi chakula, yenye kifuniko cha vipande viwili, bapa na pete, na bapa liwe jipya kila mara. Mitungi ya mayonezi inaweza kupasuka ndani ya maji yanayochemka au isizibe sawasawa. Kama hupati inayofaa, bakia kwenye friza.

Pika nyanya peke yake zilizomenywa, bila kitunguu, bila mafuta, bila unga wa kuzitia uzito, hadi zizidi kuwa nzito. Katika kila mtungi wa nusu lita tia kijiko kikubwa 1 cha maji ya limau ya chupa ya dukani, au robo kijiko cha chai ya ndimu ya unga. Limau la shambani ni zuri kwa samaki, lakini uchachu wake hubadilika tunda kwa tunda, na hapa tunahitaji kiasi kinachojulikana. Mimina sosi ikiwa ya moto kabisa, acha sentimita moja na robo juu, futa mdomo wa mtungi, funga. Panga mitungi juu ya kitambaa kilichokunjwa ndani ya sufuria kubwa, maji yaifunike kwa angalau sentimita tatu, na uanze kuhesabu dakika yakishatokota.

Dakika ni ngapi? Hapa nchi yetu ya juu inadai malipo. Kadiri unavyopanda, maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi. Kisumu, iliyo mita 1,130 hivi, huchemka kwenye nyuzi 96. Nakuru, mita 1,850, huchemka kwenye 94 hivi. Kwa mitungi ya nusu lita, Kisumu, Kakamega na Bungoma mjini chemsha dakika 45. Nakuru, Kericho na Eldoret, pamoja na wale wanaoishi juu zaidi kwenye mitelemko ya Elgon, dakika 50. Siku inayofuata bonyeza katikati ya kila kifuniko. Kikinyanyuka na kulia tik, mtungi huo haukuziba, uingie friji na uliwe. Uliovimba baadaye au uliorusha povu ukifunguliwa, tupa bila kuonja.

Sosi hiyo naweza kuiungia omena na mbuta? Zikiiva omena zangu zinakuwa uji. — Mbita, Homa Bay

Naam, ila kila mmoja kwa wakati wake. Omena vikombe viwili vioshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne hadi mchanga uishe chini ya karai, vichuje, kisha vikaushe kwenye sufuria tupu juu ya moto dakika tano. Hapo tia mafuta, vikaange hadi vikaze. Sosi iingie mwishoni, nusu kikombe tu, dakika tatu, kisha kamulia limau na dania. Omena zinakuwa uji kwa sababu zimechemshwa ndani ya nyanya mbichi zikisubiri nyanya ziive. Ukiwa na sosi iliyokwisha kuiva, hakuna cha kusubiri. Limau si la ladha tu, kwani uchachu huishika ile harufu kali ya samaki isipande hewani.

Vipande vya mbuta au ngege mzima vikaangwe kwanza hadi nje pakauke. Zimua sosi kikombe kimoja na nusu kwa kikombe cha maji, ichemke, laza samaki, punguza moto, funika dakika 8 hadi 10. Usikoroge. Shika masikio ya sufuria utikise. Kwenye chungu cha udongo inatoka vizuri zaidi. Kwenye sufuria ya alumini pika lakini usilaze chakula humo. Umeona jinsi sufuria iliyokuwa nyeusi ndani inavyong'aa baada ya kupikiwa nyanya? Uchachu umekwangua ule weusi na alumini kidogo, na vyote vimeingia kwenye mchuzi. Hamishia bakuli la kioo au la plastiki mara mnapomaliza kula.

Maharagwe yangu yanachemka saa tatu na bado ni magumu. Natia nyanya mapema yaive nayo. — Molo

Nyanya ndizo zinazoyakaza. Uchachu huzuia kulegea kwa pektini inayoshikilia kuta za punje, ile ile tuliyoitaja juu, na punje ikikutana na uchachu kabla haijalainika hubaki hivyo. Huko kwenu maji yanachemka chini ya nyuzi 93, kwa hiyo yalikuwa na kazi ngumu hata kabla ya nyanya. Githeri nayo ni vivyo hivyo. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya hadi punje ipondeke kwa vidole viwili bila kubaki na kiini kigumu. Hapo tia sosi, kikombe kimoja kwa kila vikombe vitatu vya maharagwe yaliyoiva, na uache vitokote pamoja dakika 15.